Ursule wa Mlango wa Jikoni

Kwetu mtaani Mangobo mwanamke akishazaa, jina lake linakufa. Halizikwi wala haliwekewi matanga. Linawekwa tu kando kama vyombo vya arusi, na mtoto wa kwanza anakuja na jingine mkononi. Ndivyo mshonaji wa mwisho wa avenue, jirani na bomba la maji lisilotoa maji, alivyokuwa Mama Chance kwa kila mtu. Mumewe alimwita Mama Chance. Padri alimwita Mama Chance. Siku ya kupiga kura, karani aliposoma kadi yake kwa sauti, "Ursule," yeye mwenyewe aligeuka nyuma kumtafuta huyo Ursule, mpaka binti yake Chance akamsukuma begani kwamba ndiye yeye: "Mama, njo weye."

Ursule aliyejulikana kuwa Ursule aliishi parcelle, yaani kiwanja, kilichofuata. Alikausha samaki kwa moshi na kuwauza. Yeye jina lake lilikuwa hai kabisa, kwa kuwa hakupata mtoto wa kumnyang'anya. Watu walilitamka zima kila siku, na wengine walilitamka kwa namna ambayo heri wangelisahau.

Kwa sababu ya jina hilo moja, wawili hao waliitana Ndoyi. Ndoyi si rafiki tu. Ndoyi ni wewe mwenyewe umezaliwa mara ya pili katika nyumba ya jirani: akitukanwa una haki ya kununa, akipika una haki ya kufunua sufuria bila kubisha hodi. Na kwa Mama Chance kulikuwa na jambo zaidi. Katika avenue nzima, Ursule peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba yeye pia ni Ursule.

Kila asubuhi, kabla moshi haujashika samaki, Ursule alivuka ua kuja kumtungia uzi. Jicho la kushoto la Mama Chance lilianza kumkimbia msimu wa mvua uliopita, na mshonaji asiyeona tundu la sindano ni kama mvuvi asiye na ndoano: analoana bure.

"Ndoyi, leta batoto bako," Ursule alikuwa akisema, akimaanisha sindano za mkono zilizochomekwa kwenye kipande cha godoro. "Bamelala njaa."

"Ule mukubwa iko na kiburi. Anakataa uzi."

"Amekufuata weye. Lete nimufunze adabu."

Mwanzoni Mama Chance alilifanyia jicho mzaha. Aliwaambia wateja kwamba limepanda bateau, meli ya mtoni, kwenda Kinshasa, litarudi limenenepa. Halafu akamshonea mwalimu wa kwaya suruali ambayo mguu mmoja ulifungwa kwa mwingine. Yule baba alipoijaribu alianguka juu ya ngoma, na sauti ya tatu yote ikashindwa kuimba Jumapili hiyo kwa kucheka. Mama Chance alicheka kuliko wote. Alipofika nyumbani akalia, maana mshono ule aliuona umenyooka.

Kisha kichwa kikaanza. Mumewe, Papa Médard, mtu wa kubeba mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, akampeleka kwa daktari. Daktari alitazama picha za kichwa akaonyesha kwa kalamu: kuna uvimbe kwenye ngozi inayofunika ubongo. Si kansa, alisema, lakini unakua, na unakua ukilalia mshipa wa jicho. Leo la kushoto, kesho la kuume. Halafu akauliza, bila kuinua uso, kama mtu anayeuliza saa: "Mama, ulishatumia sindano ya kuzuia mimba? Ile ya miezi mitatu mitatu? Kwa muda mrefu?"

Médard alikuwa amekaa pale pale, kofia magotini.

Mama Chance alitazama ukuta kwa jicho lililobaki. "Ndiyo, docteur," akasema. "Muda murefu."

Walipofika nyumbani Médard akakaa kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja, akakishika.

"Donc ile mizizi ya Banalia nilikuwa nakunywa, ya kuzaa, nilikunywa bure."

"Bure, Papa Chance."

"Na vile ilikuwa muchungu."

Hapo ndipo alipokasirika kweli, akaenda kulala kwa kaka yake. Alirudi baada ya siku chache, maana kaka yake anakoroma, na maana alikuwa amekumbuka kitu: mtoto wao wa mwisho, Fiston, alivyotoka, na damu iliyotoka baada ya Fiston, na daktari wa siku zile aliyesema kwamba mimba nyingine itakuja na jeneza lake. Médard alisikia maneno hayo kwa masikio yake. Akayajibu kwamba watoto ni wa Mungu, akaendelea na maisha. Mke wake naye akaendelea na maisha, ila kwa mlango mwingine.

Mlango huo ndio ulikuwa shida.

Maana huko parokiani alikuwa amekuja mwanasheria, Maître Landry, kijana wa Makiso mwenye viatu vizuri na vumbi zuri juu yake, kukusanya wanawake waliopata uvimbe kama ule. Huko Ulaya, alisema, kuna wenzake wanaoishtaki kampuni iliyotengeneza sindano.

"Bamama, munisikilize muzuri," alisema. "Hatusemi ile sindano ni sumu. Imesaidia batu bengi, na mwenye kuitumia leo, aongee na muganga yake, asitoke hapa nakimbia. Tunasema hivi: mwenye kuitengeneza alipaswa kubaonya kama ukiichoma miaka na miaka, inaweza kuleta kitu ndani ya kichwa. Onyo haikukuya. C'est tout."

Akaeleza kwamba kesi ni ndefu, lakini daktari bingwa wa kichwa atakuja kutoka Kinshasa kuwapima wenye madai, na wale ambao uvimbe wao unatishia macho atawachukua wakapasuliwe. Atawaona wale tu ambao dossier yao, faili la kesi, imekamilika. Na dossier inataka mambo mawili: kituo ulichochomwa, na jirani asiye ndugu yako wa kuthibitisha.

"Mama, weye ulichomwa centre gani?" akamuuliza Mama Chance.

Ursule alikuwa ameketi kando yake, ameshika mkoba wake. Mama Chance alikuwa ameshamwambia kwamba alichomewa hospitali kubwa ya mjini, kule ambako hakuna anayemjua mtu.

"Nitakumbuka," Mama Chance akasema.

"Ndoyi, jicho na kichwa vyote vimekimbia?" Ursule akamtania, na kina mama wakacheka.

Mama Chance alikumbuka sana. Alichomewa kwa Mama Delphine, mwuguzi aliyekuwa na kituo chake kidogo nyuma ya soko, kabla upepo haujachukua mabati yake na yeye mwenyewe hajarudi Banalia kulima ndizi. Mama Delphine alikuwa na mkono mwepesi na sauti nzito. Alikuwa akisimama katikati ya kituo na kuita wagonjwa kama anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, mpaka waliokuwa wakipita barabarani walijua nani ana minyoo.

"Mama Delphine, usiniite Mama Chance," alimwomba siku ya kwanza. "Papa Chance akisikia, nimekwisha."

"Nikuite nani sasa?"

"Jina yangu. Ursule."

"Kumbe uko na jina," Mama Delphine akasema, akacheka mpaka trei ikatetemeka.

Basi ikawa hivyo. Mbele ya kituo palikuwa na benchi la kina mama waliosubiri kupima watoto uzito. Nyuma palikuwa na mlango wa jikoni, na hapo kati ya masufuria ndipo Mama Chance alipongojea. Mama Delphine aliita kwa sauti yake ile, "Ursule, piqûre yako," yaani sindano yako, na Mama Chance akaingia kwa nyuma. Walio kwenye benchi walisikia jina, hawakuona mtu. Na katika avenue yetu kulikuwa na Ursule mmoja tu.

Alijua. Hangeweza kujidanganya kwamba hakujua. Siku ya kwanza hakuwaza. Siku ya pili aliwaza, akajiambia kwamba jina ni lake, alipewa kwa ubatizo, hajamwibia mtu.

Kwenye benchi lile aliketi siku moja Adèle, dada mkubwa wa Bavon. Bavon ndiye aliyekuwa mume wa Ursule, mvuvi wa kwenye maporomoko kama baba yake na babu yake, mtu aliyeweza kusimama juu ya miti ya kutegea samaki katikati ya maji yanayonguruma akawa na subira ya jiwe. Subira hiyo alikuwa akiitumia nyumbani pia. Alingoja mtoto mwaka baada ya mwaka bila kumwinulia mke wake sauti. Adèle alifika kwake na habari: tunangoja nini, ndugu yangu, na mke wako anachomwa sindano ya kufunga kizazi?

Ukoo ukakaa. Ursule akaapa. "Mimi sijachomwa ata siku moja," akasema. Wakamwuliza: jina lililoitwa ni la nani, basi? Ndoyi wake aliyekuwa na jina hilo hilo hakumjia akilini hata kidogo, kwa sababu hata yeye, anayekumbuka, hawezi kukumbuka kila saa.

Bavon, tumpe haki yake, hakuridhika na maneno ya dada. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye cherehani ya Mama Chance, akasimama na miguu yenye matope ya mto.

"Mama Chance, weye njo ndoyi yake. Nitaamini ile utasema. Anachomwaka?"

Gurudumu la cherehani lilizunguka kidogo likasimama. Uani, Médard alikuwa akifunga mnyororo wa baiskeli.

"Papa Bavon," akasema, "mimi siyui mambo ya chumba ya batu."

Hakusema uongo hata kidogo. Hilo ndilo lililokuja kumtesa, maana uongo unaweza kuuungama, padri akakupa sala tatu ukaenda zako. Bavon alisikia kwenye maneno yale jibu alilokuwa akiliogopa. Hakupiga kelele. Alichukua nyavu zake akashuka na mto mpaka Barumbu, na huko akapata mke na watoto. Wangapi, hatujui, kila mashua inayofika kutoka huko inaongeza mmoja.

Na Ursule alikuja kulia wapi? Kwenye magoti ya Mama Chance. Wapi pengine mtu angelilia? Mama Chance alimshika kichwa, akampikia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, akamlazimisha ale. Tangu siku hiyo alimshonea libaya, blauzi ya kitenge, kila Noeli, akamtunzia nyumba alipokuwa mgonjwa wa malaria, akagombana na kila aliyemwita mgumba. Watu walisema, tazameni, ndoyi wa kweli ndio hao. Naye kila akisikia hivyo alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Basi dossier ikalala. Alimwambia Maître Landry kwamba bado anakumbuka. Siku zikaenda. Halafu asubuhi moja Chance aliketi mbele yake kumsuka nywele, na Mama Chance akaona nusu ya uso wa binti yake: jicho moja, shavu moja, nusu ya kicheko. Jicho la kuume lilikuwa limeanza nalo kutafuta bateau.

Médard alimkuta ameketi mbele ya cherehani bila kushona.

"Daktari ya Kinshasa anakuya ile juma ingine," akasema. "Juu ya nini hauambie Maître ile centre?"

"Kwa Mama Delphine. Njo nilikuwaka naenda."

"Bon. Si umuambie?"

Mama Chance aligusa gurudumu la cherehani. Médard alivuta kigoda. Yeye si mtu wa kufikiri haraka, lakini mizigo mizito hubebwa polepole, na mzigo huu aliuzungusha mpaka akaupata mahali pa kushikia.

"Nilikuwa pale nje," akasema. "Siku Bavon alikuya. Nilisikia vile ulimujibu."

"Ulisikia."

"Nilisema, mke yangu iko na hekima, haingie mu mambo ya batu." Alisugua goti. "Kumbe ulikuwa naogopa mimi."

"Nilikuwa naogopa weye."

"Mimi? Mutu anashinda na masanduku ya bengine kichwani?"

"Papa Chance, haukuwa naona namna ulikuwa nasema. Batoto ni ya Mungu, batoto ni ya Mungu. Na mimi njo nilikuwa naenda kufa."

Médard alivua kofia, akaiweka gotini. "Tungelikuwa na mudomo mudogo, shiye wawili," akasema, "Bavon angelikuwa hapa."

"Haiko mudomo," mke wake akasema. "Mimi nilikosa mudomo. Siku moja tu nilikosa."

Chance akatumwa kwa Maître Landry na jina la kituo. Jibu lilirudi upesi: Mama Delphine amepatikana Banalia, ana simu, ana kumbukumbu, na bado ana sauti. Mgonjwa aje ofisini na jirani wa kuthibitisha.

"Mie njo jirani," Ursule akasema, kabla hajaulizwa. "Nani mwingine? Ukienda peke yako utaanguka mu caniveau ya maji, tutakosa mutu na dossier."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mabati, Mama Chance alivuka ua. Ursule alikuwa ameinama juu ya tanuri ya samaki, macho yakimtoka machozi ya moshi.

"Ndoyi, iko neno."

"Neno ikae kwanza, samaki inaungua. Shika hii." Akamtia kikapu mikononi. "Angalia vile tunafanana leo, shiye wote hatuone. Kesho ukiwa mbele ya ule Maître usinitie haya. Useme Kifaransa ile yote ulimeza kwa masista."

Mama Chance alishika kikapu. Neno lilikuwa limefika mpaka kwenye meno. Ursule akamwekea samaki mkononi, mmoja mnono, wa kupelekea Médard, akaendelea kusema habari ya bei ya kuni. Neno likarudi lilikotoka.

Kesho yake walipanda pikipiki moja wote wawili, Ursule nyuma akimshikilia kiuno, akimwambia dereva kwamba amebeba tajiri wa kesho, aendeshe kwa heshima. Ofisi ya Maître Landry ilikuwa Makiso, juu ya duka la vipuri, chumba kimoja chenye feni inayozunguka bila kusumbua hewa.

"Karibuni, bamama. Bon. Mama Delphine ametuma sauti yake kwa simu, nitabasikilizisha, halafu tunaandika." Akaweka simu juu ya meza, akabonyeza.

Sauti ya Mama Delphine ilijaza chumba kama iliyoingia na miguu yake.

"Maître, mbote. Ule mwanamuke ninamukumbuka muzuri sana. Jina yake Ursule. Nilimuchoma miaka mingi. Alikuwaka na bwana ya mudomo, alikuwa namuogopa, donc alikuwa naingia na mulango ya jikoni. Batu ya mbele hawakuwa namuona. Mimi nilikuwaka naita tu," na hapo bibi yule, kwa furaha ya kukumbuka kazi yake, akaita kama zamani, "Ursule, piqûre yako. Na yeye anatoka kule mu masufuria, nacheka. Umusalimie sana. Umwambie pole ya macho."

Simu ikanyamaza. Ursule alikuwa akijitoa gamba la samaki chini ya ukucha. Kidole kilisimama pale pale.

Maître Landry hakuona kitu. Alikuwa akitafuta kalamu. "Sasa, shida yangu iko hii. Niliangalia majina ya kura ya kule kwenu, mu avenue moja iko ba-Ursule wawili. Avocat ya kampuni atasema, mulichoma yupi? Alors, mwenye kunisaidia ni weye, Mama Ursule. Useme tu kama ile centre haukuchomwa."

"Unataka niseme nini?"

"Kama haukuchomwa. Ata siku moja."

Mama Chance alinyosha mkono upande wa kushoto, upande asioona, akagusa kitambaa cha Ursule. "Ndoyi..."

"Acha. Ananiuliza mimi." Ursule hakumtazama. Alimtazama Maître. "Nikisema, utaniamini?"

Kijana akacheka kidogo, kicheko cha adabu. "Mama, juu ya nini nisikuamini? Si ni neno yako?"

"Neno yangu," Ursule akasema.

Feni ilizunguka. Chini dukani mtu aligonga chuma.

"Andika. Mimi Ursule sikuchomwa ile sindano. Ata siku moja. Nilikuwa nataka mutoto."

Maître Landry aliandika, akasitisha kalamu. "Ile ya mutoto si lazima."

"Andika."

Akaandika.

Alipoweka sahihi yake, polepole, herufi kwa herufi, Ursule aliuliza: "Hii karatasi inaweza kufika Barumbu?"

"Barumbu? Kufanya nini kule, Mama? Inaenda Ulaya."

"Bure. Nilikuwa nauliza tu."

Walishuka ngazi. Ursule alimshika mkono, maana ngazi zilikuwa mbaya na mtu haachwi aanguke. Barabarani akamwacha. Pikipiki zilipita, vumbi likaenda na kurudi.

"Bavon alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema siyui mambo ya chumba ya batu."

Ursule alilifikiria jibu lile kama mtu anayepima samaki kwa mkono. "Iko jibu muzuri," akasema. "Haina ata uongo."

"Nilikuwa naogopa, Ndoyi. Ningelisema, Papa Chance alikuwa pale nje."

"Nililala juu ya magoti yako."

"Najua."

"Ulinipikia lituma."

"Najua."

"Nikakula," Ursule akasema. "Nikaomba na ingine."

Akasimamisha pikipiki, akampandisha Mama Chance, akamweka mikono mahali pa kushika, akamwambia dereva, "Polepole. Upande wa kushoto haone kitu." Yeye mwenyewe akaenda kwa miguu. Ni mbali, kutoka Makiso mpaka Mangobo, kwa mwanamke mwenye samaki motoni.

Daktari wa Kinshasa alikuja kama alivyoahidiwa. Alimpima Mama Chance, akasema jicho la kuume litaokolewa, la kushoto hataki kuahidi, na safari iwekwe upesi. Uvimbe utolewe kwanza, kesi itafuata kwa mwendo wake, hata ikichukua miaka. Médard aliwaambia wenzake wote wa Bangboka kwamba mzigo wa ndege ile ataupakia yeye peke yake, mtu asiguse. Kwenye karatasi zote za Maître Landry mgonjwa aliandikwa Ursule, na wale wazungu wa kesi watamwita Ursule mpaka siku ya hukumu, wakijua kulitamka au wasijue.

Asubuhi ya kuondoka alikaa kwenye kigoda mbele ya cherehani, ingawa hakuwa na la kushona. Kipande cha godoro kilikuwa magotini, sindano zote tupu. Tangu siku ile ya ofisini Ursule hakuvuka ua. Moshi wake ulivuka, sauti yake ilivuka ikigombana na wanunuzi, yeye hapana. Chance alimtungia mama yake uzi, vibaya, akijichoma na kunung'unika.

Akasikia viatu vya plastiki. Akavijua. Aligeuza kichwa chote, ili jicho zuri lipate kuona.

Ursule alivuta kigoda cha pili, akachukua kipande cha godoro bila kusema leta batoto. Akalamba uzi, akaufinya, akautia. Akafanya hivyo kwa kila sindano, na ile kubwa yenye kiburi aliirudia mpaka ikakubali. Hakuifunza adabu kwa maneno. Mama Chance alisikiliza mkono wake ukifanya kazi, akangoja. Tusi angelipokea. Alikuwa amelitandikia mahali kabisa, na jibu lake alikuwa amelipanga, na machozi ya baadaye pia.

Ursule alipomaliza akazichomeka zote upande mmoja, ncha zikitazama chini, ili mtu asiyeona asiumie. Akasimama, akakung'uta kikwembe chake kiunoni.

"Sindano yako njo ile, Mama Chance," akasema. "Safari njema."

Kwa avenue nzima lilikuwa jina lake; kwa Ursule siku zote alikuwa Ndoyi. Hata watoto wanaochota maji wangelimwita hivyo. Mama Chance alipapasa godoro, akagusa nyuzi moja moja, ndefu, sawa sawa, zilizokatwa na mtu asiyetaka kurudi mapema.

"Asante," akajibu, na hakujua aongeze jina gani.